Majogoo Wanne wa Shukrani

Mama aliwatenga majogoo wanne tangu mwezi wa tisa. Aliwajengea banda lao nyuma ya jiko, akawa anawapa pumba na dagaa waliovunjika, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuwachokoza. Mdogo wangu akiwarushia kokoto anaambiwa, "Waache hao, si wetu. Hao ni wa shukrani." Mimi nikisikia hivyo nanuna kimoyomoyo. Kwangu majogoo wale walikuwa na maana moja tu: mwaka huu hatuendi Upareni.

Sisi kwetu ni Upareni, milimani. Hapa Kerege, pwani, tumehamia nikiwa darasa la pili, baba alipopata kiwanja. Lakini Krismasi hatujawahi kuila hapa. Kila Desemba tunapanda basi, tunafika kwa bibi usiku na baridi yake, tunalala mabinamu saba kitanda kimoja, asubuhi tunaamkia makande ya moto. Watu wengi wa kanisani kwetu ni wa kuja kama sisi, na ikifika katikati ya Desemba salamu inakuwa moja: "Mnaondoka lini?" Mwaka huu mtu akiniuliza hivyo, nilikuwa najifanya nafunga kamba ya kiatu. Mimi ni mtu wa aibu. Kujibu "hatuondoki" mbele za watu ilikuwa kama kukiri kosa.

Sababu ya kutoondoka naijua. Naiandika hapa ingawa siku zile nilikuwa naiwekea mkono mbele ya macho.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja mchana, mama alikuwa anafua uani. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Baba alikuwa kazini Bunju, anakochomelea milango ya chuma. Nikasikia mama ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikatoka, nikaona maji ya kufulia yamekuwa mekundu na yeye amekaa chini ameshika ndoo. Nilisimama pale mlangoni. Sikufanya kitu chochote. Nilisimama tu na kiganja mdomoni mpaka mama jirani alipopita kwenye uwazi wa ua wetu wa makuti, akavua khanga yake ya juu akamfunga mama, akawa anapiga kelele, "Baba, amka! Amka uwashe chombo!" Mumewe ana bajaji. Alikuwa amelala kidogo baada ya kubeba abiria tangu alfajiri. Wakampakia mama, wakaenda naye hospitali Bagamoyo. Kule ikatakiwa damu. Baba alitusimulia baadaye kwamba alipofika alimkuta baba jirani amekaa kwenye benchi na pamba mkononi, ameshatoa ya kwake, na kila nesi akipita anamuuliza, "Nyingine haihitajiki?"

Mama akapona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike. Baba alimzika pamoja na mchungaji na watu wachache, jirani naye alikuwepo. Mimi sikwenda.

Majirani zetu ni Waislamu, wenyeji wa huku huku. Mama aliporudi nyumbani alianza kumwambia baba jirani, "Shemeji, sasa nina damu yako, Ramadhani ikija utanidai nifunge." Yeye anajibu, "Nusu siku tu, shemeji, maana ni chupa moja." Wakicheka, mimi naingia ndani. Sikujua niseme nini mbele ya mtu ambaye ana deni kwetu lisilolipika. Nasema vibaya: sisi ndio tuna deni kwake. Basi nikawa nasalimia tu, "Shikamoo baba," "Marahaba binti," napita.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema Krismasi hii tutabaki hapa, tutapika, na wale majirani wawili watakula kwetu wakiwa wageni wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba akakubali. Mimi nilikaa chumbani nikaandika ukurasa mzima wa manung'uniko. Kwamba wenzangu wote wanasafiri. Kwamba likizo nzima nitakuwa nachota maji. Kwamba shukrani si mpaka watu wakose kwenda kwao. Bado ninao ukurasa ule, na mwandiko wake umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Sasa, huku kwetu kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nimekua nikiliona. Mkristo akialika Waislamu hachinji mwenyewe. Anamwita Mwislamu achinje, ili watu wote wakae sinia moja wale bila wasiwasi. Hakuna anayelisema sana. Kwa hiyo ilipangwa kwamba baba jirani mwenyewe aje saa mbili asubuhi ya Krismasi kuchinja majogoo wake. Mama alimtania, "Yaani mgeni ndiye anafanya kazi." Akasema, "Wapare nyie mmezoea makande, kuku mtajulia wapi?"

Asubuhi ile baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alitangulia kupanga viti. Mama akamvalisha mdogo wangu, akaniambia nibaki nimsubiri jirani, niwe nimechemsha maji, ninyonyoe, yeye atarudi saa tano aanze kupika.

"Yaani Krismasi nisiende hata kanisani?"

"Mchana kuna wageni, mwanangu. Mtu mmoja lazima abaki."

"Kila siku mtu mmoja ni mimi. Upareni hatukwenda, kanisani siendi, nguo sijavaa. Krismasi gani hii?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi hatua moja. Hakupandisha sauti. "Mwezi wa nane mngekuwa mmenizika. Leo nina watu wa kuwapikia. Wewe unanililia maji ya moto."

Akaondoka. Maneno yale yalinichoma, na nitasema ukweli, hayakunilainisha. Yalinifanya mgumu zaidi.

Saa mbili ikafika. Maji yakachemka. Saa mbili na nusu, yakaanza kupungua, nikaongeza mengine, nikaongeza mkaa. Saa tatu, jirani hajatokea, bajaji yake haipo uani kwao. Mama jirani naye alikuwa ameenda kwa dada yake Mapinga tangu jana, arudi mchana. Simu yake mama aliiacha mezani ikichaji. Ikalia, nikaitazama: picha kutoka Upareni. Mabinamu wote wameshona vitenge vya sare, wamejipanga kwenye ngazi za kanisa, na ukungu nyuma yao. Chini mmoja ameandika, "Mmekosa."

Nikachukua kisu.

Sitaki kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijua vizuri kuku wale wanamsubiri nani, na nilijisemea kwa sauti, peke yangu uani, "Kuku ni kuku." Nikawachinja wote wanne, mmoja baada ya mwingine, nimewakanyaga mabawa kama nilivyomwona mjomba akifanya. Hata sala ya kwetu sikusema. Nilichinja kwa hasira, basi.

Nilikuwa nanyonyoa wa tatu niliposikia bajaji. Baba jirani akaingia anatembea haraka, kisu chake amekizungusha gazeti.

"Binti, nisamehe sana. Nimepata abiria wa kwenda mjini Bagamoyo, nikasema nitawahi, kumbe…" Akaona beseni. Akaona manyoya. Akasimama. "Eh. Wameshachinjwa?"

"Ndiyo baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kachinja?"

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu. Lakini alikuwa amenitazama usoni, na mimi nikitazamwa usoni maneno yanayonitoka ni yale ya kuniondoa pale haraka. Nikasema, "Amepita yule bwana wa buchani. Nimemwomba yeye." Bwana yule ni Mwislamu, huwachinjia watu wengi mtaani kwetu.

Uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi! Nilikuwa njiani moyo unaniuma, nasema nimemwangusha shemeji siku yake. Nikimwona yule bwana nitamshukuru." Akakiweka kisu kwapani, akaenda nyumbani kwake kuoga.

Mama alirudi anaimba. Alifunga khanga juu ya gauni la sikukuu, akawasha moto wa pili, akaanza kukaanga vitunguu vya pilau. Mchele aliupikia kwenye supu ya kuku wale, ili utamu uingie ndani. Kila alichofanya kilikuwa kinanifungia njia. Kabla hajamimina supu ile, wali ungeweza kuliwa. Alipoimimina, wali nao ukaenda. Nilikuwa nimeshika kisu cha kachumbari naona yote.

"Mchungaji leo kasema neno," mama akaniambia huku anakoroga. "Anasema Mariamu naye siku ile alikuwa mbali na kwao. Alijifungulia ugenini, kwenye hori la ng'ombe, na watu waliokuja kumtazama hata hakuwa anawajua." Alipotamka "alijifungulia" mkono wake ulisimama juu ya sufuria, kisha ukaendelea. "Angeweza kulalamika, bwana. Alikuwa na haki."

Nikasema, "Ndiyo mama." Nikaendelea kukata nyanya.

Ningeweza kumwambia yeye wakati ule. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu mwezi wa nane, na nilijidanganya kwamba nikinyamaza ndio namlindia furaha yake. Nikafikiri pia, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kwamba hawatajua. Watakula, watashiba, watashukuru. Nyama haisemi.

Saa nane wakaja. Mama jirani amevaa baibui jipya, ameshika jagi la juisi ya ukwaju. Mumewe amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Tulitandika jamvi sebuleni. Baba akasema, "Karibuni ndugu zangu, leo nyie ndio wenye nyumba." Mama jirani akanigeukia, "Haya, bibi harusi wetu, mbona umepauka? Au umekula firigisi za watu jikoni?" Wote wakacheka. Mimi nikabeba birika la kunawia.

Nilimnawisha baba jirani maji. Alipokunja mkono wa kanzu nikaona, pale kwenye mkunjo wa kiwiko, hakuna alama yoyote ya sindano. Sijui nilitegemea kuona nini. Miezi minne imepita.

Baba akaomba. Alishukuru kwa kuzaliwa kwa Mwokozi, akashukuru kwa uhai wa mke wake, akashukuru kwa majirani ambao Mungu aliwaweka karibu kuliko ndugu. Akamwombea na mtoto wetu, aliyetangulia. Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimefungua macho. Nilimwona mama jirani anapangusa machozi na ncha ya mtandio, na mumewe amekunjua viganja mapajani, kama wanavyofanya wao.

"Amina."

Mama akafunua sinia. Akachagua firigisi kubwa, akamwekea baba jirani mbele yake kwa mkono wake wa kulia. Hakusema neno, lakini kwetu kumpa mtu firigisi ni kusema. Yeye akaichukua. "Bismillahi," akasema.

"Msile."

Sauti ilinitoka ndogo mno. Hakuna aliyesikia isipokuwa mdogo wangu, ambaye alisema kwa nguvu zake zote za miaka sita, "Dada anasema msile!"

Wakanitazama wote. Mkono wa baba jirani ulisimama hewani. Mama akacheka kidogo, "Una nini wewe?"

"Wasile, mama. Nimechinja mimi. Hakuna bwana wa buchani aliyepita. Nimechinja mwenyewe."

Nilidhani patakuwa na kelele. Hapakuwa na kelele. Baba jirani aliirudisha firigisi kwenye sinia taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akaomba maji, nikamnawisha tena, nikamlowesha kanzu.

"Uliniangalia usoni, binti," akasema. "Mimi nikaenda nyumbani nikashukuru."

Baba alisimama, mshipa umemtoka shingoni. "Unajua ulichotaka kuwalisha watu hawa? Unajua? Watu waliomtoa mama yako…" Hakumaliza. Alitoka nje, tukamsikia anazunguka uani.

Mama alilifunika sinia, akalibeba lote, akaenda nalo jikoni. Nikajua anakwenda kulia. Lakini alirudi upesi, na macho makavu, amebeba tikiti maji tulilonunua kwa ajili ya mwisho. Akalipasua pale pale jamvini, akawapa vipande viwili vikubwa kwa mikono miwili.

"Dada. Shemeji. Nilitaka niseme maneno yangu mmeshiba. Sasa nitayasema mkiwa na njaa, mnisamehe. Mwezi wa nane nilikuwa nakufa. Sikufa. Mtoto wangu nilimwacha kule, na kila siku asubuhi nataka kumuuliza Mungu kwa nini. Nimeamua nisianze siku kwa swali hilo. Naanza kwa kutaja majina yenu. Nikishayataja, swali linabaki, lakini linakuwa la pili. Basi, ndiyo hayo tu. Na leo tena namshukuru, maana huyu binti yangu amesema kabla hamjatia kitu mdomoni. Angenyamaza, ningewadhulumu mimi siku ya kuwashukuru, na nisingejua mpaka kufa."

Mama jirani alimshika mkono, wakakaa hivyo. Tulikula tikiti. Tulikunywa ukwaju. Kachumbari nayo ililiwa, bila wali. Mdogo wangu aliuliza mara mbili kuku wako wapi. Wageni wakaaga kabla ya alasiri, wakaenda kwao na njaa yao.

Jioni mama akanipakulia pilau. Nikasema sitaki. Akasema, "Kula. Chakula hakijakosa, wewe ndiye umekosa." Nikala. Ulikuwa mtamu sana, na hilo ndilo lilikuwa baya. Baba hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nililala nikiwa nimepanga maneno. Kesho nitakwenda kwao, nitapiga magoti, nitasema hivi na hivi. Nilikuwa nimeyaandika kabisa ili nisikwame. Asubuhi nikavaa, nikafika kwenye ule uwazi wa ua. Nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya tatu nikakutana naye pale pale kwenye uwazi, anakuja upande wetu. Mkono mmoja kisu, mkono mwingine jogoo mwekundu amefungwa miguu.

"Leo nimewahi," akasema.

Maneno yote niliyopanga yakapotea. Nikasema, "Shikamoo baba," nikaanza kulia kama mtoto.

"Marahaba. Usilie, utamtisha kuku." "Jana nimekukasirikia. Nilimwambia mke wangu ndani, huyu mtoto kanivunjia heshima. Nikalala nayo. Lakini na mimi nilisema saa mbili, nikamfuata abiria. Mtu aliyeahidi akachelewa naye ana lake." Akainua jogoo. "Mwite mama yako aweke maji. Wewe njoo ushike."

Nilishika miguu na mabawa. Jogoo alikuwa wa moto mikononi, moyo wake unapiga kwenye kidole changu. Jana niliwakanyaga, sikuusikia moyo wowote. Akamlaza kuelekea kibla, akatamka maneno yake, ikaisha upesi. Mama alikuwa ametokea mlango wa jikoni, amesimama na mwiko mkononi.

Damu ilikuwa inachuruzika mchangani. Nikamwambia, "Asante, baba."

"Ya nini tena? Kuku mmoja?"

"Ya mwezi wa nane. Mimi nilisimama tu mlangoni. Nyie mlikuja. Sijawahi kukuambia asante hata siku moja, kila ukipita nilikuwa naingia ndani."

Hakujibu kwa mzaha safari hii. Alipangusa kisu chake kwenye majani, upande huu na upande huu, muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Nimesikia, mwanangu," akasema. Halafu akaita kuelekea kwao, "Mama! Njoo, tunakula Upareni leo!"

Mama akaleta maji ya moto, akachuchumaa karibu yangu, tukaanza kunyonyoa pamoja.